Kituo kilichomkataa mdogo wangu siku ya kwanza

Naandika tathmini hii kuhusu kituo cha tiba ya uraibu kilichoko viungani mwa jiji la Nakuru, ambako mdogo wangu alikaa siku 90 kuanzia Februari 2025. Sitakitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya ninayoyaeleza ni malalamiko ambayo bado tunayazungumza na wasimamizi wake, na kwa sababu mdogo wangu angali anaishi na kutafuta riziki katika mji huu huu. Hata hivyo, anayetafuta kituo cha aina hiyo, awe Nakuru, Kisumu au Kakamega, atakutana na ahadi za namna ile ile, na pengine ataingia akiwa na imani potofu kama tulizoingia nazo sisi.

Mdogo wangu ana miaka 34. Alikuwa mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa shati lililopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na kwa miaka isiyopungua sita alikunywa kila siku bila sisi kumwita mlevi. Mlevi tuliyemjua ni yule anayeokotwa mtaroni alfajiri. Yeye hakugusa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Alinunua pombe kali ya chupa ndogo katika baa yenye leseni, na tangu zile sheria za 2010 za kudhibiti pombe ambazo Wakenya huziita za Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, wengi wetu tumezoea kuamini kwamba hatari iko kwa mama pima, yaani muuzaji wa pombe ya kienyeji, na katika saa za kufungua baa, si katika chupa yenye stempu ya ushuru. Ini halisomi stempu. Kila asubuhi aliondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili ili akatoe loki, kama wanywaji wanavyosema, mikono itulie aweze kushika kalamu. Sisi tuliona mtu anayewahi kazini.

Hali ilipodhihirika, wazee walituambia tumwache, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tulimwacha kwa muda wa miaka miwili. Ulimwengu ulimfunza kweli: alipoteza kazi, kisha mkewe akarudi kwao na mtoto, na kila funzo lilimwongezea sababu ya kunywa. Tukampeleka Butere kwa nyanya, tukidhani kwamba tumemtenga na marafiki wabaya, tukasahau kwamba huko busaa hupikwa nyuma ya jiko na hakuna anayeihesabu kuwa pombe. Aliporudi, shangazi alisoma tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima karibu na stendi, lililoahidi dawa ya kumwachisha mtu pombe bila yeye kujua, akanunua pakiti ya unga kwa shilingi 1,500, nasi tukamtilia kwenye chai kwa wiki nzima. Aliharisha. Pombe hakuiacha.

Baada ya hayo ndipo tulipokubaliana kulipia kituo, na hapo tukafanya kosa kubwa kuliko yote. Siku mbili kabla ya kumpeleka, tulimfungia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama bila tone la pombe. Nia yetu ilikuwa njema: tulitaka afike akiwa safi, asitutie aibu mapokezini, na kaka yetu mkubwa alishikilia kwamba mwanamume hujulikana kwa kustahimili. Usiku wa pili alitokwa na jasho lililolowesha godoro. Asubuhi alishika kikombe kwa mikono miwili, na bado nusu ya chai ikamwagikia mapajani. Kisha akaniomba, kwa sauti ya adabu kabisa, niwafukuze kuku waliokuwa wakipanda ukutani. Hapakuwa na kuku.

Mapokezi ya kituo yana meza ya mbao, mizani ya kupimia uzito, na cheti cha idhini cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kilichotundikwa mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Mhudumu alikuwa akitoa vitu vya mdogo wangu kwenye begi kimoja kimoja: nguo, sabuni, Biblia, manukato na dawa ya kusukutua kinywa. Hivi viwili vya mwisho aliviweka kando kwa kuwa vina alkoholi. Mimi nilikuwa nimeshashika simu tayari kulipa kwa M-Pesa. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimshika mdogo wangu kifundo cha mkono, akampima presha na joto, akaniuliza alikunywa mara ya mwisho lini. Nilimjibu kwa fahari kwamba ilikuwa siku ya pili hajagusa.

"Mmempa nini muda wote huo?"

"Uji na maji. Pombe hatukumpa hata kidogo."

"Dada, huyu mngemzika," akasema, akamwita dereva.

Hakupokea senti yetu siku hiyo. Alitueleza kwamba kituo hakina daktari usiku, na kwamba mgonjwa wa hali ile mahali pake ni wodini, si bwenini. Akapanda gari pamoja nasi hadi hospitalini, akawaeleza wa zamu kila kitu kwa maneno machache, kisha akarudi kwa matatu. Mdogo wangu alilazwa siku nne. Walimpa diazepamu kwa vipimo vilivyopunguzwa kidogo kidogo, na sindano za vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari, kwa maana mnywaji wa muda mrefu huwa na upungufu wa vitamini hiyo, na sukari ikitangulia inaweza kuzidisha madhara katika ubongo.

Nimeyasimulia haya kwa kirefu kwa sababu nadhani kosa letu ni la kawaida. Tunaamini kwamba kuacha ghafla ni ushujaa, na kwamba kutetemeka ni unyonge ambao mtu akiuvumilia umekwisha. Pombe ikinywewa kila siku kwa miaka huwa inaukandamiza ubongo, nao ubongo hujizoeza kusukuma kwa nguvu zaidi ili ubaki macho. Pombe ikiondolewa kwa siku moja, kile kisukumo hubaki bila kizuizi. Degedege linaweza kumshika mtu kati ya saa 6 na saa 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwapo huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Jambo lililonishangaza ni kwamba arosto ya heroini, yaani hali ya mwili unapoikosa, ambayo sote huiogopa tukiisikia ikitajwa, ni mateso makubwa lakini kwa yenyewe huua mara chache, ilhali ile ya pombe, kinywaji cha harusini, inaweza kuua.

Basi kituo kilianza kuhesabu siku 90 alipotoka hospitalini. Malipo yalikuwa shilingi 45,000 kwa mwezi, vipimo vya maabara 6,000, na amana ya 3,000 ya godoro na blanketi, ambayo risiti inasema itarudishwa. Vyumba ni vya vitanda sita, safi, na baridi ya usiku ni ile ile ya Nakuru, kwa hiyo mpelekee mtu wenu sweta nzito. Chakula ni githeri, ugali na sukuma, nyama mara mbili kwa wiki. Choo hakinuki. Kwa haya sina la kulalamikia.

Waliniuliza pia, nilipopiga simu mara ya kwanza, kama tungependa huduma ya kumchukua nyumbani, yaani vijana wanne na gari kwa shilingi 5,000, iwapo mgonjwa angekataa kuja. Nilikataa, na nafurahi kwamba nilikataa. Imani kwamba tiba haifai kitu mpaka mtu aitake kwa moyo wake wote si sahihi. Wapo wengi wanaoanza kwa shinikizo la familia, mwajiri au mahakama na bado wakafaidika. Lakini kushinikizwa ni jambo moja, na kufungwa kamba alfajiri ni jingine. Sheria yetu ya afya ya akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inamtambua mraibu kuwa mgonjwa mwenye haki zake, na sioni vijana wanne waliokodiwa wanaingia wapi katika sheria hiyo. Mdogo wangu alikuja kwa sababu mama alimwomba kwa siku tatu mfululizo bila kumtukana, jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tumewahi kulijaribu.

Kilichonigusa zaidi ni vikao vya Jumamosi vya familia, na kwa vikao hivyo peke yake ningekisifu kituo. Viliongozwa na mshauri ambaye yeye mwenyewe aliacha pombe miaka 11 iliyopita na hasemi kama mhubiri. Katika kikao cha tatu mjomba aliuliza kwa nini mtu asiache tu, akate shauri kama wanaume. Mama mmoja kutoka Molo akauliza kinyume chake, kama aliyekwisha kunaswa anaweza kuacha kweli. Mshauri alijibu maswali yote mawili kwa kisa kimoja. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishikwa na hofu kwamba wanajeshi wake waliokuwa Vietnam walikuwa wamezama katika heroini, na mtafiti Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia waliporejea. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu huko. Ila katika mwaka wa kwanza nyumbani, waliorudi katika uraibu walikuwa takriban 5 tu kati ya kila waraibu 100, na wengi wao hawakupata tiba yoyote. Kwa hiyo kuacha kunawezekana, akasema, na zaidi ya inavyodhaniwa. Lakini wanajeshi wale waliiacha Vietnam nyuma yao, ilhali waume na wana wenu watarudi kwenye barabara ile ile, baa zile zile na madeni yale yale, na sehemu ya kazi hiyo ni yenu.

Mjomba alitikisa kichwa kama aliyeshinda hoja. "Basi ni mahali tu," akasema. Mimi nilimkumbuka nyanya wa Butere na jiko lake, nikanyamaza.

Sasa malalamiko. Kijitabu cha kituo kinaahidi ushauri wa mtu binafsi mara mbili kwa wiki. Mdogo wangu aliupata mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hakuupata kabisa kwa sababu washauri wako wawili na wagonjwa walikuwa 22. Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni bango lililoandikwa ukutani mwa bwalo la chakula, "Dawa haitibu dawa", na sera inayolifuata: baada ya majuma mawili ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kumeza kidonge chochote kinachogusa akili. Kijana wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akitumia vidonge vya sonona alivyoandikiwa na daktari, alitakiwa avikabidhi ofisini. Meneja aliniambia kwamba kumpa mraibu dawa ni kumhamisha kutoka kwa bwana mmoja hadi kwa mwingine.

Usemi huo unasikika vizuri, na ndiyo maana unadhuru. Kenya yenyewe imekuwa ikitoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, kwa waraibu wa heroini tangu mwaka 2014, ikianzia Hospitali ya Mathari, Nairobi. Anayeinywa kila siku mbele ya mhudumu kwa kipimo kilichotulia halewi, anaweza kwenda kazini, na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa hupungua sana. Kwa pombe ipo naltrexone, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1994, ambayo hupunguza ile raha ya kinywaji na yenyewe haina uraibu wowote. Ipo pia disulfiramu, ambayo humfanya anayekunywa juu yake awe mwekundu usoni, atapike na moyo umwende mbio, kwa sababu inauzuia mwili kumaliza kuivunja pombe. Na kwa kuwa presha inaweza kushuka vibaya, hupewa mtu anayejua anachomeza na aliyekubali. Muuguzi wa miwani aliponieleza hili nilimsimulia habari za unga wa shangazi. Aliniangalia kwa muda, akavua miwani, akaipangusa.

Sina ugomvi na maombi. Mchungaji huja kila Alhamisi, na mdogo wangu anasema saa ile ilimpa utulivu ambao hakuupata kwingine. Ugomvi wangu ni pale kituo kinapoiweka sala mahali pa kidonge, wakati ambapo muuguzi wao mwenyewe alitufundisha mlangoni kwamba uraibu una sehemu ambayo ni ya mwili mtupu.

Siku ya 90 ilifanywa sherehe. Mdogo wangu alivalishwa joho la bluu, tukakata keki, na akakabidhiwa cheti kinachosema kwamba "amepona kikamilifu". Kiko kwenye fremu sebuleni kwa mama hadi leo. Sina shaka na hizo siku 90 zenyewe. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, imeeleza kwamba tiba inayokatizwa kabla ya siku 90 huwa na manufaa machache. Lakini hapo siku 90 zimetajwa kama kiwango cha chini cha kuanzia, na kituo kinaziuza kama mwisho wa safari. Nasi tuliinunua habari hiyo kwa hiari, kwa kuwa ndiyo tuliyotaka kuisikia: kwamba mtu huingia karakana akiwa ameharibika na kutoka akiwa ametengenezwa.

Wiki ya sita baada ya sherehe tulikwenda matangani Butere, na huko alikunywa. Nilipiga simu kituoni Jumatatu asubuhi. Kijitabu kinaahidi ufuatiliaji wa miezi sita. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumepokea ujumbe mara mbili, mmojawapo ukiwa salamu za Madaraka. Jibu nililopewa ni kwamba tumrudishe aanze upya, siku 90, kwa bei kamili. Nilipouliza kama angeweza kuja kuzungumza na mshauri kwa saa moja tu, nikaambiwa kwamba huduma ya kutwa hawana. Jioni hiyo familia ilikaa, na hukumu ilikuwa moja: shilingi 135,000 zimemwagwa mtaroni, na huyu si wa kusaidika.

Aliyetuokoa na hukumu hiyo ni daktari wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya umma, ambako mama alimpeleka kwa mkono wake mwenyewe bila kutuuliza. Mama ana presha, na alikuwa na mfuko wake wa vidonge mkobani. Daktari alimwomba autoe, akamuuliza kama presha haijawahi kupanda tangu aanze dawa. Imepanda mara nyingi, mama akasema, hasa msimu wa sherehe, chumvi ikizidi na vidonge vikisahaulika. Na ilipopanda, daktari akauliza, watoto wako walisema pesa za dawa zimemwagika? Akawaeleza kwamba wanaorudia matumizi baada ya tiba ya uraibu hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 40 na 60, na kwamba wagonjwa wa presha na wa pumu ambao dalili huwarudia ni kati ya asilimia 50 na 70. Wanaporudi hospitalini hubadilishiwa mpango wa tiba, wala hakuna anayewavua joho. Kisha akamgeukia mdogo wangu na kumuuliza zile wiki sita za kutokunywa alizipitishaje. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo. Alizungumza kwa dakika 20. Mama aliufunga mfuko wake wa vidonge, akaurudisha mkobani.

Alipimwa ini, akaandikiwa naltrexone, tuliyoipata katika duka la tatu la dawa, na huenda kliniki kila baada ya majuma mawili. Ameteleza mara moja tena tangu hapo, kwa siku mbili, na safari hiyo alitupigia simu yeye mwenyewe.

Je, ningemshauri mtu ampeleke mgonjwa kwenye kituo kile? Ningemshauri, kwa sababu mahali panapokataa pesa za mtu aliye hatarini si pa kudharauliwa, na kwa ajili ya zile Jumamosi. Lakini ningemwambia akatazame tarehe ya mwisho kwenye cheti cha NACADA badala ya kukitazama cheti tu, aulize kwa jina ni nani atakayempigia mgonjwa simu mwezi wa nne na lini, na kama mgonjwa ana dawa za daktari, apate kwa maandishi kwamba hazitaguswa. Asimfungie nyumbani kabla ya kwenda. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga 1192, namba ya NACADA ambayo haitozi malipo, na aliye upande wa Eldoret ajue kwamba Hospitali ya Rufaa ya Moi ina kitengo chake cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Bango la bwalo lingali pale. Nililiona mwezi uliopita nilipopita kufuata begi lililosahaulika, lenye manukato na ile dawa ya kusukutua, vyote viwili vikiwa vimeorodheshwa na kutiwa sahihi kwa uangalifu mkubwa. Amana ya shilingi 3,000 bado hawajanirudishia. Nimepiga simu mara tatu, na kila mara naambiwa mhasibu ametoka.